Nani Ameua Mwana-Mbuzi?

Mtu aamka alfajiri, afungua zizi, amkuta mwana-mbuzi wake amelala ubavu, miguu imekauka, mdomo umevimba. Jana jioni alikuwa akirukaruka juu ya mawe nyuma ya mama yake. Leo ni mzoga. Mwenye mbuzi asimama kimya. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu: huyu atakua, atauzwa sokoni Butembo, mtoto atalipiwa shule. Sasa hesabu imevunjika.

Majirani waja mmoja mmoja. Wa kwanza atazama boriti, aona utando, asema: "Ni buibui. Mtazameni yule pale, mwenye miguu mirefu." Wa pili asema: "Hapana, ni nyoka." Wa tatu hasemi upesi. Atazama njia, atazama nyumba ya jirani, kisha asema kwa sauti ndogo: "Mimi sisemi kitu. Lakini, nani alipita hapa jana?" Kabla ya jua kutua, maneno ya wa kwanza na ya wa pili yamekwisha kusahauliwa, na neno la wa tatu limefika hata kisimani.

Mambo kama haya hutukia kwetu, toka milima ya Lubero hata bonde la Semliki, pande za Butembo na pande za Beni. Nasi leo twapenda kuwauliza wasomaji wetu swali moja: Je, mtu ana haki ya kumtaja mwuaji ambaye hakumwona? Swali laonekana dogo, kwa kuwa ni la mbuzi tu. Lakini kwa ajili ya jibu lake watu wamefukuzwa nyumbani mwao, na wengine wamepoteza hata uhai. Basi tulichunguze polepole. Tutaanza na mshtakiwa aliye mdogo kuliko wote, yaani buibui.

KESI YA BUIBUI

Wenye elimu ya viumbe wamekwisha kuandika majina ya aina zaidi ya 50,000 za buibui duniani. Karibu wote wana sumu, maana ndiyo silaha yao ya kuwindia. Inzi akinaswa utandoni, buibui humchoma, humlegeza, kisha humla. Lakini sumu hiyo imepimwa kwa inzi, haikupimwa kwa mbuzi. Tena meno ya buibui wengi ni madogo mno, hayawezi hata kupenya ngozi ya mnyama.

Walakini wako wachache wa kuogopwa. Mmoja wao aonekana katika nchi nyingi za Afrika: buibui mdogo, mweusi au wa rangi ya kahawia, mwenye tumbo la mviringo kama punje ya njegere, na chini ya tumbo ana alama nyekundu au ya rangi ya chungwa. Watu wa Ulaya wamempa jina la "mjane", kwa sababu husemwa kwamba jike humla dume wake. Tazama, jina lenyewe ni shtaka tayari! Buibui huyu hukaa chini ya mawe, katika rundo la kuni, katika pembe za choo na za zizi. Hapendi ugomvi, wala haumi ila akibanwa.

Mwana-mbuzi ni mdadisi kama mtoto. Hupenda kusukuma pua yake kila mahali. Akiisukuma kati ya kuni, au akimlalia buibui huyo, aweza kuumwa. Na kwa kuwa mwili wake ni wa kilo chache tu, tone ambalo ng'ombe mzima asingelisikia sana laweza kumlemea yeye. Kwa hiyo hatusemi kwamba jambo hilo haliwezekani. Lawezekana.

Lakini tazama dalili. Sumu ya buibui huyu hushika mishipa ya fahamu: mnyama hutetemeka, misuli hukakamaa, mate humtoka, hupumua kwa shida, hawezi kusimama. Si kawaida yake kuvimbisha mdomo au mguu kuwa mkubwa kama kibuyu. Wako buibui wengine wachache ambao sumu yao huozesha nyama, lakini hata hao husingiziwa mara nyingi. Madaktari wa nchi mbalimbali wamechunguza vidonda vya watu waliosema wameumwa na buibui, wakaona kwamba vingi vilikuwa majipu tu yaliyoletwa na vijidudu, wala mgonjwa hakuwa amemwona buibui yeyote. Kwa mnyama shida ni kubwa zaidi, kwa sababu alama ya meno ni ndogo, manyoya huificha, na mwenye kuumwa hana ulimi wa kusema.

Basi shahidi yuko wapi? Kuna utando juu ya boriti, basi. Na utando ni ushahidi kwamba zizini mna inzi wengi. Si ushahidi kwamba buibui ameua mbuzi. Pengine ni yeye peke yake aliyekuwa akifanya kazi ya kulisafisha zizi lile.

WAUAJI WASIOSHTAKIWA

Ikiwa si buibui, ni nani? Wafugaji hodari watatujibu kwamba wauaji wa wanyama wachanga ni wengi, na kila mmoja huacha alama yake.

Wa kwanza huingia kitovuni. Mnyama azaliwapo, kitovu chake ni kama mlango ulio wazi. Akilala katika matope na samadi, vijidudu hupita hapo, hufika katika damu, huvimbisha magoti, na kwa muda wa siku chache mnyama hufa. Dawa ya iodini juu ya kitovu siku ya kuzaliwa, pamoja na majani makavu ya kulalia, huwaokoa wengi.

Wa pili hukaa udongoni. Ni ugonjwa ambao wengine huuita chambavu. Huwashika hasa ndama wanono wenye afya, wa umri wa miezi 6 hata miaka 2. Paja au bega huvimba, na ukilibonyeza wasikia mlio kama wa hewa iliyo chini ya ngozi. Mara nyingi mnyama hufa kabla ya siku mbili kwisha. Watu huona uvimbe, husema: "Ameumwa na kitu." Lakini chanjo yake iko.

Wa tatu ni kimeta. Mnyama huanguka ghafula, na damu nyeusi isiyoganda yaweza kumtoka puani na nyuma. Huyo asipasuliwe, asichunwe, asiliwe. Azikwe shimo refu, na wakubwa wapewe habari upesi, maana ugonjwa huo huua na watu pia.

Wa nne ni nyoka, ambaye mara nyingi huuma pua au mguu, na uvimbe wake hupanda upesi. Wa tano ni siafu: huja usiku kama jeshi, na vifaranga, sungura na kobayi waliofungiwa hawana pa kukimbilia. Asubuhi siafu wamekwisha kwenda zao, na mwenye nyumba akuta vifo visivyo na mwuaji.

Twayataja haya kwa sababu moja. Anayesema "buibui" bila kutazama, amwua buibui, afagia utando, arudi kulala akiwa na moyo mweupe. Lakini zizi bado lina matope, na juma lijalo atazika mwingine. Kosa la kumtaja asiyehusika lina hasara mbili: asiye na hatia apata adhabu, na mwenye hatia apata nafasi ya kuua tena.

JE, SUMU NI UOVU?

Hapa mtu aweza kutuuliza: "Lakini kwa nini Mungu aliumba sumu? Je, kiumbe chenye sumu si kiovu kwa asili yake?"

Swali hili ni la zamani. Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika ya Kaskazini, aliyezaliwa mwaka 354 na kufa mwaka 430, alijibizana nalo. Wafuasi wa Mani walifundisha kwamba uovu ni kitu chenye asili yake, tena kina nguvu ya kushindana na Mungu, nao walimtoa nge kuwa mfano wao. Augustino aliwajibu kwa akili nyepesi: Kama sumu ya nge ingekuwa uovu wenyewe, ingemwua kwanza nge aichukuaye. Lakini nge aishi nayo salama, na kuikosa ndiko kungekuwa hasara kwake. Sisi ndio tunaoumia ikituingia. Basi ubaya si kitu kilichomo ndani ya sumu, bali ni kutopatana kwa sumu hiyo na mwili wetu.

Neno hili latufaa. Buibui hana chuki na mwana-mbuzi. Hakumvizia kwa wivu, hakulipiza kisasi, hakupewa fedha. Amebanwa, akauma. Uovu ulio kweli uovu wahitaji nia, na nia ni ya mwenye akili. Kwa hiyo katika zizi lile lote, kati ya buibui, nyoka, siafu na vijidudu, hakuna awezaye kutenda dhambi. Dhambi yaweza kuingia kwa mlango mmoja tu, nao ni ule waliosimama watu.

BUIBUI WA ITALIA

Tusidhani kwamba haya ni ya kwetu tu. Kusini mwa Italia, katika nchi ya Puglia, uko mji wa Taranto. Kwa mamia ya miaka watu wa huko waliamini kwamba buibui waliyempa jina la mji huo, tarantula, huwauma wavunaji wakati wa jua kali, na kwamba aliyeumwa hana dawa ila kucheza ngoma. Wapiga muziki waliitwa nyumbani, na mgonjwa alicheza pengine siku nyingi mpaka aanguke. Tarehe 29 Juni, sikukuu ya Mitume Petro na Paulo, wagonjwa walikwenda kanisa dogo la Mtakatifu Paulo katika mji wa Galatina, kuomba au kushukuru.

Mwaka 1959 mtaalamu Mwitalia, Ernesto de Martino, alifika huko pamoja na wenzake kulichunguza jambo hili. Buibui aliyeshtakiwa alikuwa yule mkubwa, mwenye manyoya, akimbiaye juu ya ardhi na kuonekana na watu. Lakini kuuma kwake hakuna madhara makubwa. Aliyeweza kumwumiza mvunaji kweli ni mwingine, mdogo, mweusi, ajifichaye katika mabua: ndugu wa yule "mjane" tuliyemtaja. Mkubwa alihukumiwa kwa kuwa ana sura mbaya. Mdogo alipona kwa kuwa hakuonekana.

Tena kuna neno zito zaidi. Kwa wagonjwa wengi haikuonekana kwamba buibui yeyote aliwauma. Walikuwa zaidi wanawake maskini, na nyuma ya ugonjwa wao mlikuwa na huzuni nyingine: ndoa ya kulazimishwa, mapenzi yaliyokatazwa, msiba, kazi ya kuvunja mgongo. Huzuni hiyo haikuwa na jina la kutajwa mbele ya watu. Buibui alikuwa na jina. Basi buibui akabebeshwa.

Wasomaji wetu, hebu tutulie hapa kidogo. Pengine ndivyo tufanyavyo nasi. Mtu aliyepoteza mbuzi wake ana uchungu, na uchungu usio na jina ni mzito kuchukua. Akimpata wa kumtaja, mzigo waonekana kupungua. Lakini haukupungua: umewekwa tu juu ya kichwa cha mwingine.

BUIBUI WA MIGUU MIWILI

Tutoe mfano, na kila asomaye atazame kama haufanani na jambo alilolijua kijijini mwake.

Kuna mama mjane, mzee, akaaye peke yake karibu na mwenye mbuzi. Mwezi uliopita mbuzi waliingia shambani mwake, wakala maharagwe yake, naye akapiga kelele: "Mbuzi hawa watanimaliza!" Ni maneno ya kila mtu aliyeharibiwa shamba. Kisha wana-mbuzi watatu wafa kwa juma moja. Ndipo watu wakumbuka ile kelele. Mmoja asema: "Alisema nini siku ile?" Mwingine asema: "Nimemwona akipita jioni." Wa tatu asema: "Hata mume wake alikufa namna gani?" Hakuna hata mmoja asemaye, "Ndiye mwuaji." Kila mmoja auliza tu. Watoto wasikia, nao hawajui kuuliza kwa adabu. Watupa mawe juu ya bati lake usiku. Baada ya siku chache mama afunga kitambaa chake, aenda kukaa kwa ndugu yake mbali.

Juma la pili, mwana-mbuzi wa nne afa. Mama hayupo. Kijana mmoja aliyesomea mifugo apita, aombwa kutazama. Atazama kitovu, akuta usaha. Atazama goti, akuta limevimba. Atazama chini, akuta matope. Asema: "Inueni sakafu, leteni majani makavu, nunueni iodini." Wanaozaliwa baadaye waishi.

Sasa twauliza: nani atakwenda kumwita mama yule arudi? Hakuna. Maana kila mmoja asema moyoni: "Mimi sikumshtaki." Na ni kweli: hakuna aliyemshtaki. Kila mmoja alileta uzi mmoja tu. Lakini nyuzi zilipokutana zikawa utando, na katika utando huo alinaswa mtu.

Hili ndilo jambo la kuogopwa kuliko sumu ya buibui yeyote. Mwizi ajua kwamba ameiba. Mwenye kupiga ajua kwamba amepiga. Lakini mwenye kuleta uzi wake mdogo wa maneno hajui kwamba ametenda neno, naye alala usingizi. Atubuje asiyejua kwamba amekosa?

Watu wetu husema: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii yaweza kuwa onyo jema, lakini mara nyingi twaifanya cheti cha uvumi. Kwa mama yule lilisemwa, nalo halikuwapo. Wala halikuja lenyewe, liliitwa. Husema tena: Kikulacho ki nguoni mwako. Mara moja twadhani "nguoni mwako" maana yake ni jirani yako. Lakini nguo yangu ni yangu mimi, si ya jirani! Mwenye mbuzi angeitii methali ile sawasawa, angeanza kutazama zizi lake mwenyewe, na matope yake mwenyewe, na iodini ambayo hakuinunua.

MSIBA MKUBWA ZAIDI

Kama mtu adhani kwamba twakuza jambo la mbuzi, na akumbuke yaliyotupata sote. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Ebola umeingia katika Kivu ya Kaskazini. Ulijulikana kwanza Mangina, karibu na Beni. Mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Kirusi chake ni kidogo kuliko punje ya vumbi. Hakuna aliyekiona kwa macho. Ndipo neno la "nani" likaja mbio kuliko neno la "nini". Wengine walisema ni uchawi. Wengine walisema ni biashara ya wakubwa. Wengine walisema wauguzi wenyewe ndio wauao.

Lazima tuseme haki: hofu ile haikuzuka bure. Toka Oktoba 2014 watu wa pande za Beni walikuwa wakichinjwa mashambani mwao, na walipolia hawakuona msaada wa kutosha. Kisha kwa ugonjwa mmoja magari mengi yalikuja. Uchaguzi wa Desemba 2018 uliahirishwa Beni na Butembo, na sababu moja iliyotajwa ilikuwa Ebola. Mtu aliyeumizwa hivyo ana haki ya kuuliza. Tena baadhi ya waliokuja kusaidia walituhukumu nao kwa haraka, wakidhani kwamba kila anayeogopa ni mjinga.

Lakini kuuliza ni neno moja, na kuhukumu ni neno lingine. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya kutibia wagonjwa, Katwa na Butembo, vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili mwaka ule ule, nayo ilikuwa Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia hospitali mjini Butembo, wakamwua Daktari Richard Mouzoko, mwana wa Kameruni, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani. Hatusemi kwamba kila aliyeeneza uvumi alishika bunduki. Lakini ni nani atakayeapa kwamba uzi wake haukuwamo katika utando ule? Na wakati vituo vilipofungwa, mwuaji wa kweli alitembea huru nyumba kwa nyumba. Hasara ni zile zile mbili tulizoziona zizini.

PINGAMIZI

Mtu mwenye busara atatuambia: "Mnasema vizuri, lakini wako kweli watu wabaya. Wako wanaotia sumu majanini. Je, tukae tukiangalia tu mpaka mbuzi wote waishe?"

Twajibu: La. Tupambanue mambo matatu. Kujihadhari ni haki yako, tena ni wajibu: funga zizi, weka mlinzi, chunguza majani, mpeleke mzoga ukachunguzwe. Kushuku huja penyewe moyoni, na si kila mara twaweza kukuzuia. Lakini kuhukumu ni tendo la hiari, na kusema ni tendo la hiari zaidi. Waweza kufunga zizi lako usiku bila kumtaja mtu. Ukiwa na ushahidi, mpelekee kapita au baraza, aliyetajwa ajibu mbele ya wote. Usiupeleke kisimani, mahali ambapo mshtakiwa hayupo wala hawezi kujibu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefundisha zaidi ya miaka 700 iliyopita, aliliuliza jambo hili hili: Je, tukiwa na shaka, tumfikirie mtu mema au mabaya? Alijibu kwamba ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumfikiria vema mtu mbaya, kuliko kukosea mara chache kwa kumfikiria vibaya mtu mwema. Maana katika kosa la kwanza hakuna aliyedhulumiwa. Katika la pili yuko. Nasi twaongeza: mwenye mbuzi akikosea kwa wema, apoteza mbuzi. Akikosea kwa ubaya, apoteza mbuzi na jirani.

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume twasoma jinsi Mtakatifu Paulo alivyoumwa na nyoka katika kisiwa cha Malta, alipokuwa akiweka kuni motoni. Watu wa kisiwa, ambao walikuwa wakarimu kwake, walisema mara moja kwamba bila shaka ni mwuaji anayefuatwa na haki. Walingoja avimbe. Hakuvimba. Wakageuka, wakasema ni mungu. Mara mbili walihukumu, na mara mbili walikosa. Jambo jema walilolifanya katikati ni moja tu: walingoja na kutazama.

TUFANYE NINI?

Basi asubuhi ile, mbele ya mzoga, kwanza tuulize "nini" kabla ya kuuliza "nani". Tutazame kitovu, magoti, pua, damu, sakafu, kuni. Tukiona dalili za kimeta tusimguse. Tumwite daktari wa mifugo au mtu aliyesomea kazi hiyo. Kwetu hawakosekani kabisa, maana Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo hufundisha udaktari wa mifugo. Na mpaka jibu litakapopatikana, tukubali kusema maneno ambayo mtu mzima huona haya kuyasema: "Sijui bado." Maneno haya hayamwui mtu.

Na kama tumekwisha kuleta uzi wetu? Aliyeiba mbuzi hasamehewi kwa majuto tu. Lazima arudishe mbuzi. Vivyo hivyo aliyemwibia mtu jina lake lazima alirudishe, na alirudishe mahali pale pale alipoliibia. Kama alisema kisimani, arudi kisimani, aseme: "Neno lile halikuwa kweli, nami nililisema." Ni vigumu. Mbuzi hulipwa kwa mbuzi, lakini jina hulipwa kwa aibu ya yule aliyelichafua.

Mama yule mjane bado yuko kwa ndugu yake. Shamba lake limeota magugu, na bati lake lina matundu ya mawe. Mwendo wa kwenda kumwita si mrefu sana. Nani kati yetu atakwenda?